Mwaka Tuliomnenepesha Askofu

Enzi zetu, ndugu zangu mliozaliwa kabla simu haijaingia mfukoni, Jumapili haikuanza Jumapili. Ilianza Jumamosi saa kumi, Mama alipotupanga kando ya beseni kama viazi vya kuoshwa, akatusugua visigino kwa jiwe mpaka tukatubu hata dhambi tulizokuwa bado hatujazifanya. Asubuhi tulipakwa mafuta ya mgando usoni, miguuni, na yaliyobaki yakapakwa viatu. Tulipokaa kwenye benchi kanisani na jua likaingia dirishani, tuling'aa sote kama maandazi. Mtoto wa leo anaoga maji moto yanayotoka ukutani, anapelekwa kanisani kwa gari, na bado anafika akiwa amenuna kana kwamba yeye ndiye aliyesulubiwa.

Kijijini kwetu, upande wa Khayega, mvua ya saa tisa ilikuwa haikosi, na mwalimu hakuhitaji saa ya ukutani. Tulicheza kati ya kurushiana mpira na bladda ya kuruka kamba hadi matone ya kwanza yagonge mabati, kisha tukakimbia nyumbani na vitabu tumeficha ndani ya shati. Jioni tulikula obusuma, ugali wetu, na mboga ya mrenda iliyovutika mpaka kiwiko. Ingokho, yaani kuku, tuliiona mgeni alipokuja, na hata hivyo paja lilikuwa la mgeni, firigisi ya Baba, na sisi watoto tukapigania miguu. Nyanya yangu, ambaye tulimwita Kukhu, alitwambia, "Anayekula mguu wa kuku atatembea sana." Tuliamini. Sasa najua alikuwa anatupoza tu.

Katika hayo yote, mwaka ambao haunitoki akilini ni ule ambao Pasta Eliakimu alituambia tukawashuhudie wenzetu imani.

Pasta alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ndefu. Jumapili moja baada ya palizi alipanda madhabahuni, akasema kwa upole ambao haukuwa wake, "Wapendwa, mimi nimechoka. Kila mtu hapa akipata jirani mwenye shida ya roho ananiita mimi. Kwani ni mimi peke yangu nimeokolewa hapa? Wewe Mama Imali, unauzanga kuku Khayega. Kuku umeongea habari zake kwa watu wangapi? Na Mungu je?"

Mama Imali ni mama yangu. Imali ni mimi. Mama alishika benchi kwa mikono miwili.

"Siku ya Mavuno," Pasta akaendelea, "kila mshirika aje na mtu mmoja asiyekujanga kanisani. Sitaki ng'ombe, sitaki ndizi kwanza. Nataka mtu. Atakayekuja peke yake atasimama hapa mbele atueleze kwa nini."

Lazima niwaeleze jinsi Mama alivyokuwa. Sokoni angeweza kumuuzia daktari wa mifugo kuku mgonjwa, na daktari akaondoka akishukuru. Aliongea na makondakta, na polisi, na vichaa. Lakini ukimwambia atoe ushuhuda, ulimi uligeuka gogo. Mara ya mwisho aliposimamishwa kanisani alisema, "Bwana asifiwe. Mimi... naomba maji," akapewa maji, akayanywa, akaketi. Kwa hiyo agizo la Pasta lilimwingia kama homa. Usiku huo obusuma ulikuwa na vidonge.

Lakini shida kubwa haikuwa ya Mama. Ilikuwa ya hesabu. Mlima wetu wote ulikuwa na makanisa kila penye mti wa kufunga kengele. Aliyekuwa si wa kwetu alikuwa wa kanisa la ng'ambo ya mto, wale wa kanzu nyeupe. Na aliyekuwa si wa ng'ambo alikuwa wa lile la karibu na kisima. Baada ya juma moja la kutafuta, washirika wakagundua jambo ambalo Pasta hakulifikiria: tulikuwa tumeishiwa na wenye dhambi.

Watu wakaanza kuhubiriana. Ungekuta akina mama wawili wa kanisa moja wamesimama njiani na mitungi kichwani, kila mmoja anamwambia mwenzake achague uzima leo leo, na hakuna anayetaka kuokoka kwanza. Siku moja akapita mchuuzi wa vyungu kutoka Navakholo, mgeni kabisa. Nakwambia, yule mtu alipokewa kama mvua! Alikaribishwa kila boma, akahubiriwa kila boma, na kwa kuwa ni vigumu kumhubiria mtu bila kununua chungu, vyungu vyake viliisha kabla ya jua kuchwa. Alisikiliza kwa adabu, akitikisa kichwa. Mwisho akasimama, akasema, "Asanteni sana, wapendwa. Sasa naomba nifunge kwa maombi." Akaomba vizuri ajabu. Kumbe alikuwa mchungaji huko kwao.

Hapo ndipo macho yote yakageuka kwa Mzee Lutomia.

Mzee Lutomia alikuwa mjane aliyeishi chini ya shule, mtu mrefu, mkimya, na ndiye pekee pale kijijini ambaye Jumapili ilimkuta na ikamwacha vilevile. Kitu alichokipenda duniani ni fahali wake wa kupiganishwa. Huko kwetu mapigano ya mafahali ni jambo la heshima. Watu huja na ngoma za isukuti toka asubuhi, na fahali mshindi huimbwa kuliko mbunge. Fahali wa Mzee Lutomia alikuwa mweusi, mwenye pembe kama mikono iliyoinuliwa kubariki, na akipita watu wote walisimama. Kwa sababu hiyo mzee alimwita Askofu. Pasta hakulipenda jina hilo. Lakini nani angemwambia Askofu abadilishe?

Washirika wakaanza kuteremka kwa mzee mmoja mmoja, kisha wawili wawili, kisha kwa foleni. Mwanzoni mzee alijificha kwenye miwa. Wakamfuata kwenye miwa. Alipoona hakuna pa kukimbilia, aliketi kwenye kigoda chake mbele ya zizi, akatoa sharti.

"Anayetaka kunihubiria aje na mzigo wa majani. Askofu akila, mimi nasikiliza. Askofu akimaliza, nami nimemaliza."

Mngedhani watu wataudhika. Walifurahi! Sharti lilikuwa wazi, na kila mtu alikuwa na majani. Ila baada ya siku chache wakaona kwamba Askofu anakula haraka kuliko wanavyohubiri. Mtu alikuwa bado anamsalimu mzee kwa jina la Bwana, na majani yamekwisha. Basi wakaanza kuleta mizigo mikubwa zaidi. Anayetaka kueleza upendo wa Mungu alileta majani ya nepia. Anayetaka kugusia na moto wa milele aliongeza majani ya viazi vitamu, ambayo Askofu aliyatafuna polepole kwa utamu. Mwalimu Muhati, mzee wa kanisa na msemaji wetu mkuu, alikuja na mkokoteni mzima wa vilele vya miwa, kwa sababu alikusudia kuanza kabla ya kuumbwa kwa ulimwengu. Mwalimu alikuwa na desturi ya kusafisha koo mara tatu kabla ya kuanza: "Hrrm! Hrrm! Hrrm!" Haukupita muda, Askofu akisikia koo lile, masikio yalisimama na mate yakaanza kudondoka. Mwalimu akasema hajawahi kupata msikilizaji mwenye njaa ya Neno namna ile.

Nani unadhani alikata hayo majani? Ni sisi watoto. Tukitoka shule, panga mkononi, kamba begani. Kingo za mto zikawa upara. Ng'ombe wetu wenyewe wakakonda, maziwa yakakatika, na kijiji kizima kikanywa strungi, chai isiyo na maziwa, kwa ajili ya wokovu wa mtu mmoja. Mama naye alinituma kila siku na mzigo, akanifuata mpaka langoni kwa mzee, akachungulia zizini, akasema, "Weka hapo, Imali. Turudi." Yule aliyefika baada yetu aliukuta mzigo wa bure na akahubiri mara mbili.

Kukhu alimtazama Mama akirudi vile kila jioni. Siku moja akamuuliza, "Unaogopa nini? Lutomia au Mungu?"

"Naogopa ng'ombe," Mama akasema.

Siku ya mapigano ikafika. Askofu alipaswa kukutana na fahali mmoja mwekundu kutoka upande wa pili wa mlima, mnyama mwembamba mwenye hasira. Pasta alikuwa ametukataza zamani kuhudhuria mapigano hayo, lakini Jumamosi hiyo kanisa zima lilikuwa uwanjani, kila mmoja akidai amekuja kuifuatilia nafsi aliyoipandia mbegu. Pasta mwenyewe nilimwona nyuma ya mkaratusi, koti amejifunika kichwani, anachungulia kwenye mkono wa koti.

Ngoma za isukuti zilipolia mpaka kifua kikatetemeka, Mzee Lutomia aliingia na Askofu. Askofu alikuwa amenenepa! Tumbo lilimtangulia, shingo imekunjamana, na alitembea kwa utaratibu kama mtu anayekwenda kubatiza. Yule mwekundu alikwaruza ardhi. Askofu akamtazama, kama unavyomtazama mtu aliyekosea nyumba.

Hapo Mwalimu Muhati, aliyekuwa amesimama mbele na wazee wengine, alipatwa na vumbi kooni. "Hrrm!" akasema. "Hrrm! Hrrm!"

Masikio ya Askofu yalisimama. Akageuka. Akamwona Mwalimu, na nyuma ya Mwalimu akawaona wale wote ambao kwa miezi hiyo hajapata kuwaona wakija mikono mitupu. Akalia kwa furaha, akampa yule mwekundu mgongo, akaja mbio.

Ndugu zangu, mimi nimeona watu wakikimbia. Lakini sijaona kanisa likikimbia. Walipita kwenye mahindi, wakapita kwenye mtaro, akina mama na vitambaa vya Chama cha Wanawake vikipepea, Askofu nyuma yao akilialia kama ndama aliyeachwa. Mwalimu Muhati alikimbia huku akipiga kelele, "Shindwa! Shindwa katika jina!" Askofu hakushindwa mpaka alipofika penye shamba la viazi vitamu la mtu, hapo akasimama, akainamisha kichwa, akala. Pasta alitoka nyuma ya mkaratusi kuelekeza watu, koti likiwa bado kichwani, akasalimiwa na kila mtu kwa jina lake.

Uwanjani, wenye fahali mwekundu waliimba mpaka sauti zikakauka. Fahali wao alikuwa ameshinda bila kuguswa.

Nilicheka siku hiyo mpaka nikalala chini. Kisha nikamwona Mzee Lutomia akipita na kamba mkononi, anakwenda kumtafuta Askofu wake kwenye viazi vya watu, watoto wakimfuata nyuma wakisafisha koo: hrrm, hrrm, hrrm. Hakugeuka. Alikuwa amemlea yule mnyama tangu mwaka aliomzika mkewe. Kicheko kikaniishia mdomoni.

Siku ya Mavuno ilikuwa imebaki juma moja tu, na hakuna aliyeteremka tena kwa mzee. Wengine walisema moyo wake umekuwa mgumu. Wengine walisema, haki ya Mungu, wanaogopa kudaiwa fidia ya Askofu. Mwalimu Muhati alisema mbegu imekwisha kupandwa, sasa tungoje mvua. Langoni kwa mzee pakaota nyasi.

Kukhu alikuwa anachambua maharagwe alipomwambia Mama, "Mtu akifiwa tunaenda. Huyu amefiwa na jina lake. Nani ameenda?"

Mama alipika uji wa wimbi, akaumimina kibuyuni, akaufunika, akaniambia nimshike mkono. Tulipofika langoni nilingoja aseme "Turudi." Hakusema. Mkono wake ulikuwa na jasho.

"Hodi!"

"Hakuna mtu," akajibu Mzee Lutomia, ambaye tulimwona amekaa pale pale kwenye kigoda.

Mama akaingia. Askofu alikuwa amefungwa zizini, akainua kichwa, akaona hatuna majani, akakilaza tena. Mama alimpa mzee uji kwa mikono miwili, akakaa chini kwenye gogo.

"Hamjaleta majani," mzee akasema.

"Hatujaleta."

"Basi siwezi kukusikiliza."

"Sijaja kusema kitu, baba. Nimekuja kukupa pole."

Mzee alikunywa uji. Alikunywa mpaka kibuyu kikalia. Kisha yakamtoka. "Miaka mingapi mnapitanga hapa mkienda kanisani? Mnapita na nyimbo zenu, mnapita na viatu vyenu. Mke wangu akafa, mkaja mkazika vizuri, mkala, mkaenda. Hakuna mtu aliniambia, 'Lutomia, Jumapili twende.' Hata mmoja! Halafu juzi mmeanza kunikimbilia kama kuku wa Krismasi. Nikajua hawa wametumwa. Nikasema, acha basi Askofu ale."

Mama aliinamisha kichwa. Nilidhani ataomba maji.

"Ni kweli," akasema. "Mimi nilikuwa napita. Nilikuwa nikiona moshi wako, nasema moyoni, nitamwalika kesho. Halafu naona ng'ombe, naogopa."

"Askofu hapigi watu."

"Nani angejua?"

Mzee karibu acheke. Mama alivuta pumzi, na nikaona anaanza kusema jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kulisikia. "Baba, mimi sijui kuhubiri. Nitakwambia tu. Kabla ya huyu Imali nilizaa mtoto mwingine. Hakukaa. Wiki ile ile mahindi yalihitaji palizi, nikaingia shambani. Nikamwambia Mungu, kama uko, sema. Hakusema kitu. Sikuona nuru, sikusikia sauti. Lakini nilimaliza palizi. Na mimi najua nguvu zangu; zile hazikuwa zangu. Ndiyo sababu nakwendanga kanisani. Sina nyingine."

Askofu alicheua zizini.

"Hiyo ndiyo yote?" mzee akauliza.

"Ndiyo yote."

"Ni fupi."

"Ni fupi, ndiyo."

"Muhati alichukua mkokoteni mzima," mzee akasema, "na hakufika hapo."

Mama alinyanyuka, akajifunga leso. Tulipokuwa langoni akageuka, akasema kwa haraka kama mtu anayeruka mtaro, "Jumapili twende."

Siku ya Mavuno kanisa lilinukia ndizi na mananasi. Watu walikuwa wamekuja na binamu kutoka mbali, na shemeji, na bibi mmoja aliyeletwa kwa baiskeli ambaye aliuliza kama hapa ndipo hospitali. Wimbo wa pili ulipoanza, Mzee Lutomia aliingia amevaa koti la harusi yake, akakaa karibu na mlango. Wimbo ukafa. Pasta Eliakimu akauliza, "Nani amemleta mgeni wetu?"

Mikono ikainuka kanisa zima, msitu wa mikono, na Mwalimu Muhati akainua miwili.

Mama hakuinua. Alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Mzee akasimama, akaangalia ile mikono, akasema, "Shusheni, mtachoka. Nimekuja na jirani yangu." Akamwonyesha Mama kwa kidevu. Pasta akamwita Mama mbele aseme neno. Mama akatembea mpaka madhabahuni, akatugeukia, akafungua mdomo. Tulingoja sana. "Bwana asifiwe," akasema. "Yule ni Lutomia. Anapenda uji." Akaketi. Ni ushuhuda mfupi kuliko wote uliopata kutolewa pale, na Pasta alishindwa kuhubiri baada yake. Alitoa leso tu akapenga kamasi.

Msidhani mzee aliokoka siku hiyo malaika wakaimba. Alikaa pale karibu na mlango miaka kadhaa akibishana na mahubiri kwa sauti, "Hapo umeruka, Pasta! Rudi nyuma!" Alibatizwa mtoni alipotaka mwenyewe, siku ya baridi, na akalalamika juu ya maji. Askofu hakupigana tena. Alilima mashamba ya wajane mpaka alipozeeka. Na tulipomzika Mama, aliyeshika mkono wangu kaburini alikuwa mzee mmoja mrefu, ameinama kabisa, ambaye hakusema neno hata moja lenye faida, na nikafarijika.

Siku hizi naishi mjini, Shieywe, kwenye nyumba za ghorofa zenye lango na mlinzi. Kanisa letu la mjini lina kikundi cha uinjilisti kwenye simu. Kila alfajiri tunatumiana picha za maua zenye maneno mazuri, sisi kwa sisi, watu waliokwisha kuokoka wote. Kijana wangu Brayani ananiambia yeye amewafikia watu mia nne kabla ya kunywa chai. Nikamuuliza majina ya wawili. Akaniita mama kwa Kisheng chao, akasema, "Mathe, hiyo si vile inafanyanga." Hajawahi kukata majani hata ya sungura.

Kwenye mlango unaotazamana na wangu anaishi mama mmoja. Kwa miaka namjua kwa viatu anavyoviacha nje: vyeusi siku za kazi, vya kahawia wikendi. Mwezi jana viatu havikutoka. Vilikaa pale pale, vikashika vumbi, na usiku nilisikia kikohozi kikipenya mlango wake. Nilipita mbele yake nikienda kanisani. Nikapita nikirudi. Jumapili ya pili nilisimama pale na mkoba wangu, mimi mwalimu mstaafu, mtu mzima, mikono imelowa jasho, nikabisha.

Mlango ulifunguka kidogo, na mnyororo umefungwa. Jicho moja likanitazama.

"Unauza nini?" akauliza.

"Siuzi kitu."

"Umetumwa na nani?"

Enzi zetu mtu hakuulizwa hivyo. Alijibiwa "karibu" hata kabla hajamaliza kusema hodi, na uwongo wa "hakuna mtu" ulikuwa wa watu wenye huzuni tu. Simu ilikuwa ikitetemeka mkobani, maua ya asubuhi yakiingia moja baada ya jingine.

"Naitwa Imali," nikasema. "Nakaa hapa mbele yako."

Mlango ukafungwa. Kisha nikasikia mnyororo ukitolewa.